Mgongo wa Mwosha

Sindeni nzima ilijua kwamba akifa mwanamke, wa kwanza kuitwa ni Bi Tatu. Kabla ya kutafutwa sanda, kabla masufuria hayajaazimwa, utamwona mtu kaja mbio kasimama uani kwake: "Bi Tatu, tunakuhitaji." Naye ataacha alichokishika, atajifunga kanga ya pili kiunoni na kwenda. Kazi hiyo aliirithi kwa mama mkwe wake. Alikuwa na mkono mwepesi na ulimi mzito. Alichokiona juu ya kitanda cha kuoshea kilizama shimoni pamoja na maji, hakikutoka nje.

Halafu mgongo ukamsaliti.

Haukuanguka kwa siku moja. Ulianza kuinama kidogo, kama mtu anayechungulia kisima, kisha ukazidi, ukajipinda na upande wa kushoto, hata ikawa Bi Tatu akisimama uso wake unatazama vidole vyake vya miguu. Kwenda lamboni kuchota maji kukamshinda. Akisimama kwa muda wa kupepeta ungo mmoja wa mahindi, moto unashuka kutoka kiunoni mpaka kwenye nyayo, halafu miguu inakufa ganzi. Siku ya mwisho alipoitwa kuosha, bakuli lilimponyoka, maji yakamwagikia ukutani. Wanawake wadogo wakamshika mikono wakamkalisha kwenye kigoda. "Pumzika, Bi Tatu. Tutamalizia sisi." Walisema kwa upole, na tangu siku hiyo hakuna aliyekuja tena kusimama uani.

Lingekuwa la kazi tu, angelinyamazia. Uzee ni mgeni asiyeulizwa anaondoka lini. Lakini alikuwapo Shadya.

Shadya na Tatu waliletwa Sindeni wakiwa maharusi, mwaka mmoja, ua kwa ua. Mume wa Shadya, Mbwana, alikuwa muadhini. Mpaka leo wazee wanaikumbuka sauti yake. Walikuwa wakisema Mbwana akiadhini alfajiri, hata mlevi hugeuka kitandani kwa haya. Watoto wake walimpenda mno, na aliyempenda kuliko wote ni Munira, binti pekee kati ya wavulana.

Sasa, mchana mmoja, Munira akiwa bado hajazaliwa, Shadya alikuwa anapiga pasi kanzu ya Idi ya mumewe. Pasi zenyewe zilikuwa zile za mkaa. Kaa likaruka, likatoboa kanzu kifuani. Mbwana akaichukua pasi mkononi mwa mkewe, akamgeuza, akamwekea mgongoni. Hakuirusha. Aliiweka, kama mtu anayenyoosha nguo. Kisha akatoka kwenda kuadhini adhuhuri.

Tatu ndiye aliyempaka asali mpaka kidonda kikafunga. Mbwana alikuja kuomba radhi kwa machozi ya kweli, na tangu hapo hadi anazikwa hakumnyanyulia mkewe hata sauti. Lakini kovu halikuomba radhi. Lilibaki katikati ya mabega, ncha yake juu, kitako chake chini, na yeyote aliyewahi kupiga pasi angelitambua, na angejua kwamba hakuna mtu anayeangukia pasi namna ile. Shadya hakuoga tena na wenzake, wala hakuvaa blauzi ya mgongo wazi hata kwa joto la Februari.

Uzeeni akaugua moyo. Daktari alisema umetanuka. Miguu ikajaa maji, na pumzi ikawa ya kuhesabiwa. Siku moja akamwita Tatu karibu na kitanda.

"Mwenzangu, utaniosha wewe. Peke yako. Sitaki Munira aone mgongo wangu."

"Mwambie ungali hai. Mtu mzima yule, ataelewa."

"Nimwambie nini? Baba yao amelala vizuri ndani ya mioyo yao, na mimi ndiye niliyemlaza. Sitaki maiti yangu ije imwamshe."

"Na akisema kumwosha mama yake ni haki yake?"

"Ndiyo maana nakutaka wewe mwenye mdomo wa kumkatalia." Shadya akamtazama alivyopinda, akacheka. "Ila kwa mgongo huo, shoga, utaniosha au utaniangukia?"

Wakacheka wote wawili mpaka Shadya akashikwa na kikohozi, na Tatu akamshika kichwa mpaka kikatulia.

Kwa hiyo Zaidi, mwana wa Bi Tatu, alipokuja kumfuata mama yake, hakumkuta na ubishi aliouzoea. Zaidi alikuwa fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge karibu na Mazinde, anakaa Korogwe mjini, na kwa muda mrefu alikuwa akimsihi mama yake aende hospitali. Safari hii mama alijibu, "Twende." Zaidi akashangaa, akadhani maumivu yamezidi.

Daktari Castory wa Korogwe aliitazama picha ya mifupa, akasema uti umejikunja kama nyoka aliyekanyagwa na mishipa imebanwa. Akaeleza kwamba siku hizi Dar kuna madaktari wanaonyoosha migongo ya wazee bila kuwapasua kwa urefu. Wanatoboa matundu madogo, wanaongozwa na mashine ya picha, wanapitisha skrubu na vyuma humo humo chini ya nyama.

Bi Tatu hakusikia mengi baada ya hapo. Alisikia matundu madogo. Shuleni aliishia darasa la nne, lakini hesabu hiyo hakuhitaji ubao: kidonda kikubwa hupona polepole, kidonda kidogo hupona upesi. Nitamuwahi Shadya, akasema moyoni.

Akaenda Dar, akalazwa, akatobolewa. Siku walipomsimamisha, muuguzi huku na Zaidi huku, aliinua macho akaona dirisha, halafu akaona uso wa mwanawe bila mwanawe kuchuchumaa.

"Zaidi! Una mvi!"

"Ninazo siku nyingi, mama."

"Mbona hukuniambia?"

Zaidi akageukia ukutani, akajifanya anatafuta viatu.

Waliporudi Korogwe, Daktari Castory alimketisha, akazungumza naye taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Bibi, nisikilize vizuri. Ngozi yako imepona upesi kwa sababu mikato ni midogo. Lakini mfupa haujui kama mkato ulikuwa mdogo. Ndani kazi ni ile ile ya kujenga nyumba. Na mfupa wako ni kama muhogo uliokaa ardhini mno, nyuzi tupu. Skrubu zinashikilia humo. Mpaka mfupa mpya uote na kushikana, hakuna kuinama, hakuna kubeba, hakuna kukizungusha kiuno. Kitu kikianguka, mwite mtu akuokotee."

"Mpaka lini, baba?"

"Wanapanda mahindi kwenu sasa hivi? Mpaka hayo yavunwe."

Hesabu ya Bi Tatu ilikuwa haina mavuno ndani.

Sindeni kuna desturi. Mwanamke akirudi kutoka hospitali na mshono, majirani humchotea maji na kumletea kuni kwa zamu mpaka apate nguvu. Basi wakaja kumpa pole, wakajaa chumbani, na mbele yao Angel mwenye duka, mjukuu wa wakata mkonge wa Mazinde, aliyeolewa hapa na ambaye hana dogo.

"Haya, Bi Tatu, tuonyeshe huo mshono."

Akafungua mkanda mpana aliopewa, akainua blauzi. Palikuwa na vialama vichache huku na huku, vimeshakauka.

"Hivi tu?" Angel akasema. "Mimi nilidhani umechanwa kama gunia!"

"Mbona kama chale," akasema mwingine. "Mganga wa kwetu angekuchanja hapa hapa, na mchana ukaenda kupalilia."

"Ndani nimetiwa vyuma," Bi Tatu akajitetea.

"Eh, basi ukifa tunakupeleka kwenye chuma chakavu."

Kicheko kikawa kikubwa, na yeye mwenyewe akacheka kidogo, maana angefanyaje? Wakaaga. Ndoo ya maji haikuja siku ile wala siku zilizofuata. Si kwamba walikuwa na roho mbaya. Waliona kwa macho yao kwamba hapakuwa na kidonda cha kukichotea maji. Hata yeye, akipitisha vidole mgongoni akakuta vipele tu, aliona haya kulala mchana kama mzazi aliyejifungua jana. Lakini alijikaza. Zaidi alimlipia mtu wa punda amletee maji, naye akaufunga mkanda, akakaa kwenye kiti kilichonyooka, kijiko kikianguka anakiacha. Wakamwita mvivu. Akavumilia, kwa sababu alikuwa na lake.

Kila alasiri alitembea polepole kwenda ua wa pili.

"Simama hapo mlangoni nikuone," Shadya alimwambia siku ya kwanza. Alimtazama muda mrefu. "Lo! Kumbe bado mrefu wewe. Nilikuwa nimesahau."

"Nimeambiwa nisubiri mpaka mahindi yavunwe. Nisubiri na wewe, Shadya."

"Nani, mimi? Mimi nina haraka gani? Kamwambie Izraili ndiye asubiri mahindi."

Mahindi yalikuwa yanatoa mbelewele tu Shadya alipokata roho. Ilikuwa asubuhi, Munira kamshika mkono, na Bi Tatu alisikia kilio kabla hajamaliza uji wake. Hakuna aliyekuja kusimama uani. Akaweka kikombe, akachukua kanga ya pili.

Uani kwa Shadya walikuwa wamekwishatundika mapazia, na kitanda kipo juu ya shimo. Munira alikuwa anajifunga kiunoni, macho mekundu.

"Munira, mwanangu," Bi Tatu akasema. "Mama yako aliniusia mimi."

"Najua, mama mdogo, mlipendana. Karibu tusaidiane."

"Aliniusia mimi peke yangu."

Munira akaacha kufunga. "Peke yako vipi? Mimi ndiye mwanawe. Na wewe Daktari kakukataza hata kuokota kijiko, Zaidi katuambia sote."

Bi Tatu akawaona wale wanawake wote wakimtazama, na kwa mara ya kwanza kicheko chao kikamfaa. "Daktari ni wa mjini," akasema. "Si mliniona wenyewe? Chale tu. Nimepona."

"Kweli amepona yule," mmoja akanong'ona.

"Anataka kazi yake tu," akajibu mwenzake. "Kiburi. Hata kwa mtu na maiti ya mama yake?"

"Unaninyima mama yangu," Munira akasema. "Nimekukosea nini?"

Bi Tatu akamshika bega, Munira akalitoa bega. Wazee wa kike wakaamua kwamba wasia wa maiti ni mzito, aachiwe. Bi Tatu akaomba vijana wainue kitanda juu ya matofali, kimfike kiunoni asiiname. Maiti ikaletwa imefunikwa, maji yakapangwa, pazia likashushwa.

Zaidi alikuwa amefika kutoka Korogwe na wanaume wengine. Upande ule hakuweza kuingia. Akasimama nje ya pazia.

"Mama. Unakaa tu, sivyo? Wanaoinua ni wengine?"

"Ndiyo, baba. Nenda kwa wenzako."

Akasikiliza mpaka nyayo zake zikaondoka. Kisha akabaki na Shadya.

Mbele hapakuwa na tabu. Matofali yalimsaidia. Alipitisha mkono wake uliofungwa kitambaa chini ya shuka, akamtawadhisha, akamwosha kichwa kwa maji ya majani ya mkunazi, akazungumza naye kimoyomoyo kama alivyozungumza na wote. Lakini maiti huinuliwa kidogo tumbo likandwe, kisha hulazwa ubavu, na kwa kawaida hiyo ni kazi ya wanawake watatu. Shadya alikuwa amejaa maji ya ugonjwa. Alikuwa mzito kuliko alivyopata kuwa akiwa hai.

Bi Tatu akautazama mlango wa pazia. Nje yake Munira alikuwa analia kwa sauti ya chini. Neno moja tu, "Njoo," na angekuja.

Akafungua mkanda wake, maana ulimzuia. Akaingiza mikono chini ya mabega, akainama, akavuta.

Alipofika katikati kitu kikaachia ndani yake. Hakikupiga kelele. Ni kama msumari unapochomoka kwenye ubao laini: kwanza umekaza, halafu haupo. Moto ukashuka mpaka kwenye nyayo, macho yakaona giza. Lakini Shadya alikuwa mikononi, amelalia kifua chake, na mtu hamwachi maiti aanguke. Akang'ata ncha ya mtandio. Akamkanda. Akamlaza. Akapumzika, kisha akamgeuza ubavu wa kushoto, na hapo kikaachia kingine.

Mgongo wa Shadya ukawa mbele yake. Kovu lilikuwa pale, limefifia kidogo kwa uzee, lakini pasi ilikuwa pasi. Akalimwagia maji, akalimwagia tena, na mara ya tatu yenye karafuu maiti. Akalikausha kwa kitambaa taratibu, kama kwamba bado linauma. Akavuta sanda kutoka upande ule, akaufunika mgongo wote, akakaza, akahakikisha. Hapo ndipo alipoita.

Wanawake wakaingia kumalizia. Munira akambusu mama yake kwenye paji la uso. Bi Tatu alikuwa amekaa juu ya debe, na walipobeba jeneza hakuinuka. Walidhani ni majonzi.

Picha ilipigwa Korogwe baada ya siku chache, aliposhindwa kabisa kuficha. Daktari Castory aliitundika kwenye taa. Hata Bi Tatu, ambaye hajui mambo ya picha, aliona skrubu za juu zimetoka mahali pake, na uti umeanza tena kuinama juu yake.

"Bibi, uliinua nini?"

Bi Tatu akatazama mikono yake.

"Si aliosha maiti," Zaidi akasema. "Nimeambiwa na watu. Aliosha peke yake, na alinidanganya nikiwa nimesimama pale." Akamgeukia mama yake, na sauti ikampasuka. "Mama, wanawake walijaa ule ua. Munira mwenyewe alikuwepo, amejifunga tayari. Kwa nini peke yako? Niambie tu. Nikijua sababu nitanyamaza."

Sababu ilikuwepo. Ilikuwa imefika mpaka kwenye meno. Akamwona mwanawe, mvi zake, macho yake yaliyokesha, na akajua kwamba Zaidi alikuwa rafiki wa kaka zake Munira tangu utotoni, na kwamba mzee Mbwana ndiye aliyemfundisha kuadhini.

"Nilitaka," akasema.

"Ulitaka."

"Ndiyo, baba."

Daktari akakohoa. Akasema Dar wanaweza kujaribu tena, ila safari hii huenda si kwa matundu, huenda wampasue kwa urefu, na kwa mfupa ule hathubutu kuahidi. Zaidi alikuwa ameinamisha kichwa. Walirudi kituoni, Zaidi akambebea mfuko, akampandisha gari la Handeni linalopita Sindeni, akamtafutia kiti cha mbele. Yote aliyafanya vizuri. Ila hakungoja dirishani gari liondoke, kama alivyokuwa akifanya siku zote.

Siku ya arobaini Bi Tatu alikwenda, mkono kwenye mkongojo na mwingine ukutani. Munira alipita mbele yake na sinia. Tangu mazishi alikuwa ameacha kumpa shikamoo, na hakuna aliyemlaumu. Wanaume walisoma hitima, wanawake wakakaa mkekani. Baada ya chakula Munira akaanza kuwasimulia binamu zake waliotoka Kabuku habari za wazazi wake. Alisema baba yake hakuwahi kumwita mama yake kwa jina tupu. Alisema mama akiugua baba alikuwa akiosha vyombo mwenyewe, muadhini mzima, na watu wakamcheka asijali. Alisimulia mpaka uso wake ukang'aa, mara ya kwanza tangu msiba.

"Sijapata kuona mapenzi kama yale," akasema. "Tuwaombee wote wawili. Mungu awakutanishe tena huko waliko."

Mikono ikainuka. Bi Tatu akainua yake mpaka ilipoweza kufika.

"Amina," akasema pamoja na wenzake, na Munira aliposikia sauti yake ndani ya zile nyingine, akageuza uso.